Ng'ombe Walioitwa kwa Mahari

Songwa, 4 Februari 2025

Mume wangu Evance,

Mwangaluka. Najua ni wewe wa kuniamkia kwanza, lakini uko mbali, kwa hiyo nimejiamkia mwenyewe na nimejiitikia marahaba.

Anayeandika ni Scolastika katekista, yule aliyekufundisha sala ukawa unasinzia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishe. Na usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu ukimaliza kuongea hakuna kilichobaki mkononi. Barua yako naikunja, nikikukumbuka naipeleka tena kwa Scolastika anisomee, mpaka ananiambia, "Mayu Mbuke, mimi nina watoto wa kulisha."

Mvua imenyesha ya kutudanganya. Mahindi yamesimama, pamba inasitasita. Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti si mimi.

Habari kubwa ni hii: yule ng'ombe wangu mwenye doa usoni, aliye kwa jirani yetu Suzana, amezaa mtamba. Suzana alikuja kunipa habari anakimbia, kanga imemdondoka njiani. Unajua mume wake Stanslaus alikwenda huko huko Geita kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, na tangu alipokwenda hajaleta hata salamu. Yule mtoto wao mdogo, Kamili, alikuwa na mashavu kama gunia tupu. Sasa anakunywa maziwa asubuhi na jioni, na juzi amenipiga kofi. Mtoto mwenye nguvu ya kumpiga kofi bibi, huyo anaishi.

Lori lako likoje? Bado lile ambalo mtu mzima akisimama hafiki katikati ya tairi? Watu hapa nikiwaambia hivyo wanadhani natia chumvi. Endesha polepole. Mama yako Martina, Mungu amrehemu, aliniachia wewe mmoja tu, hakuniachia wa akiba.

Ni mimi mke wako mkubwa,
Mbuke

*

Geita, 23 Februari 2025

Mke wangu mpenzi, Bibi yangu,

Shikamoo. Barua imefika, kondakta wa basi amenipa mkononi. Nimecheka mpaka watu wakanitazama.

Bibi, habari za huku ni mpya. Yale malori siku hizi yanajiendesha. Si utani. Kampuni yetu ya kandarasi imeyafunga vyombo, na ndani ya vyombo hivyo kuna kitu kinaitwa akili mnemba, yaani akili iliyotengenezwa. Lori linashuka shimoni lenyewe, linapakiwa, linapanda, linamwaga, linarudi. Halichoki, haliombi ruhusa ya msiba. Mimi nimehamishiwa ofisini. Nakaa kwenye kiti kinachozunguka, nayatazama kwenye kioo. Kuna baridi ndani, navaa sweta.

Nimekaa nimewaza sana. Zamani tajiri alikuwa na mtaji na maskini alikuwa na mikono. Waligombana, lakini walihitajiana. Sasa mikono haihitajiki tena. Leo ni madereva, kesho ni makarani, keshokutwa hata wakubwa wenyewe. Kitakachobaki ni mtaji tu. Asiye na mtaji hatakuwa na pa kusimama, hata kama ana bidii namna gani.

Ndiyo maana naomba tuzungumze habari ya ng'ombe. Rafiki yangu Davis na wenzake wanajenga mtambo wa kuchenjua marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu mara ya kwanza. Mtambo wote unaongozwa na akili hiyo hiyo. Inajua mchanga wa wapi ununuliwe, dawa itiwe kiasi gani, dhahabu iuzwe lini. Wanatafuta watu wa kununua hisa. Wewe una ng'ombe sita, wote wako kwa watu, wanakamuliwa na watu, wanalimishwa na watu. Kwako havirudi hata vikombe viwili. Bibi, ng'ombe wako wamelala. Tuwaamshe.

Mjukuu wako,
Evance

*

Songwa, 11 Machi 2025

Evance,

Leo sikuiti mume.

Scolastika amenisomea, nikamwambia asome tena pale pa ng'ombe kulala. Nani amekuambia ng'ombe wangu wamelala? Yule wa Suzana anamlea mtoto. Yule maksai mwekundu aliye kwa Maduhu ndiye aliyelima shamba langu mwaka ule goti lilipofura, na Maduhu hakungoja nimwite. Nilisikia tu anamtukana ng'ombe nje alfajiri, nikajua mkulima amefika. Wale wanne wengine, kila mmoja ana nyumba yake, na kila nyumba ina mlango ninaoweza kuingia bila kubisha hodi. Unauliza vikombe viwili vya maziwa. Mimi meno sina, tumbo ni moja, nikinywa maziwa ya ng'ombe sita peke yangu nitafia chooni.

Babu yako aliniambia: ng'ombe aliye zizini kwako anakula majani yako, ng'ombe aliye kwa mwenzako anakufugia mtu. Sasa niambie, huo mtambo unafuga nani?

Na hilo la tajiri asiyehitaji mikono, umelisema wewe halafu ukalipita kama mtu aliyepita kwenye nyumba ya msiba bila kutoa pole. Mimi nimelisikia. Mkoloni alikuwa mtu mbaya. Alimchapa baba yangu viboko kwa sababu ya pamba. Lakini alijua jina la baba yangu, maana pamba ilitakiwa itoke kwenye mikono ile. Tulipogoma kulima alikuja mwenyewe, anatoka jasho, kubembeleza. Huyo tajiri wako mpya tukigoma atakuja kumbembeleza nani? Tajiri asiyekuhitaji hata kukupiga hakupigi. Atakusahau tu.

Wewe unasema dawa ni tuhamie upande wake. Sawa. Na Suzana ahamie upande gani?

Kwa hiyo sikia, nisikutafunie maneno. Ng'ombe waliokabidhiwa watu hawaitwi ovyo. Na ng'ombe anayekamuliwa kwenye nyumba yenye mtoto mchanga haondolewi kabisa, isipokuwa kwa mambo mawili: msiba na mahari. Hapo mwenye ng'ombe akituma neno, watu wanawaleta wenyewe, hawanuni. Wewe hujafa wala huoi. Basi.

Njoo ule michembe ya viazi. Sauti yako ndani ya barua imekonda.

Bibi yako anayekupenda hata ukisema upuuzi,
Mbuke

*

Geita, 2 Aprili 2025

Mpendwa Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa katika afya njema na furaha tele. Kwanza kabisa, ningependa kutoa shukrani zangu za dhati kwa upendo, malezi na hekima uliyonijalia katika maisha yangu yote.

Ninatambua kwamba kwako ng'ombe si mali pekee, bali ni uhusiano, na ninauheshimu sana mtazamo huo. Hata hivyo, katika maisha ya kila kijana hufika wakati wa kupiga hatua muhimu ya kujenga msingi imara wa kesho yake na ya kizazi kijacho. Kwangu wakati huo umewadia.

Wenzangu wa upande wa pili wameonyesha nia njema na wako tayari kuingia nami katika makubaliano ya kudumu. Wangependa jambo hili likamilike kabla ya mwisho wa Mei. Ng'ombe hao watakuwa ishara ya dhamira yangu ya kweli, na heshima kwa familia yetu nzima.

Kwa unyenyekevu mkubwa ninaomba ridhaa na baraka zako.

Wako katika upendo,
Evance

*

Songwa, 19 Aprili 2025

Mume wangu msaliti,

Kumbe unaniletea mke mwenza!

Scolastika alianza kusoma, akasema, "Barua hii imeandikwa vizuri kama ya askofu." Nikamwambia ndiyo maana si ya Evance. Evance hajawahi kunishukuru bila kuniomba nauli. Akaendelea, akafika kwenye "wenzangu wa upande wa pili." Nikamwambia simama hapo, rudia. Akarudia. Nikapiga kigelegele mpaka mbuzi wake wakakata kamba.

Nilikuandikia kwamba ng'ombe huitwa kwa msiba au kwa mahari, nawe umenijibu kwa mshenga! Kijana mwenye adabu haombi ng'ombe wa kuolea kwa mdomo wake. Anatafuta mtu mwenye ulimi laini, mtu huyo anakuja, anazunguka, anasifu malezi, anasifu ukoo, hataji jambo lenyewe. Scolastika akasema, "Lakini mahari haijatajwa humu." Nikamwambia wewe sista uliyekosea njia, mshenga anayetaja mahari siku ya kwanza hana adabu. Sijui ni nani uliyempata kukuandikia, lakini mpe kuku. Anajua kazi yake.

Nimetuma neno siku ile ile. Ng'ombe wamekuja wote sita. Sikumfuata hata mmoja, wameletwa. Maduhu amemleta maksai mwekundu amemvisha shanga, anasema, "Huyu nimemfundisha kulima, mwambie mkwe asije akamchinja Krismasi." Wengine wameleta na unga juu.

Suzana nilimwambia, wewe acha. Baki naye, yeye na ndama. Nitatoa watano, wakwe wakinung'unika nitawanunia. Alikasirika! Akaniambia, "Mayu, siku ya mahari ya Evance nyumba yangu ndiyo iwe haikutoa? Watoto wangu wataolewa na nani?" Akamleta mwenyewe, ndama nyuma, Kamili mgongoni. Mtoto alikuwa amenyoosha mkono kwa yule ng'ombe, analia. Suzana akasema, "Nyamaza, dada yako anakwenda kumleta shangazi." Nikageuka nikapenga kamasi.

Scolastika alikutumia ujumbe kwamba ng'ombe wako tayari, na rafiki yako Davis amekuja na lori kwenye mnada wa Mhunze, amewapakia. Kijana mwembamba, mwenye haraka. Nilimuuliza bibi harusi ni wa ukoo gani, akacheka tu. Nikasema kweli umemfundisha kutunza siri.

Nitajie jina. Niko hapa nashona magauni kichwani.

Mke wako mkubwa asiye na wivu (muongo huyu, Scolastika naandika),
Mbuke

*

Geita, 8 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Ng'ombe wamefika salama. Nakushukuru, na uwashukuru wote.

Mambo mengine tutaongea. Kazi zimebana, ndiyo maana nachelewa kuandika. Jina utalijua wakati ukifika.

Evance

*

Songwa, 14 Julai 2025

Mume wangu,

Barua yako ya mwezi wa tano ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Nimeingoja nyingine. Kila basi likipita namtuma Scolastika, anarudi mikono mitupu na maneno mengi.

Huku watu wanauliza. Kwaya wamekwisha tunga wimbo, wameacha nafasi ya jina la bibi harusi, wanaimba "tra la la" pale. Wanawake wamesuka mikeka. Maduhu kila akinipita anasema, "Shemeji yetu bado anajipaka mafuta?"

Jambo jingine. Simu ya Scolastika imeanza kuleta fedha. Mwezi uliopita, na mwezi huu tena. Zinasema ni zangu, zimetoka kwa herufi na tarakimu, hakuna jina la mtu. Nadhani ni wewe. Kama ni wewe, kwa nini hujaweka hata neno, "Bibi, nunua sukari"? Fedha isiyo na salamu inanitisha. Sijui nimshukuru nani.

Nilimpelekea Suzana nusu yake. Kamili amerudi kuwa mwembamba. Si mgonjwa, ni mwembamba tu, na amekuwa mkimya, na mtoto mkimya mimi simpendi. Suzana anamnywesha uji. Aliipokea ile fedha kwa mikono miwili, akaniambia, "Wabeja, mayu," halafu akaniuliza kama namkopesha. Nikamwambia simkopeshi. Akasema, "Basi hii ni ya nini?" Kwa ng'ombe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Niandikie tarehe ya harusi. Nikiwa na tarehe nitawavumilia.

Mbuke

*

Songwa, 2 Septemba 2025

Evance,

Stanslaus amerudi.

Mume wa Suzana, ndiyo. Jiwe limemwangukia mguu huko kwenye duara, amerudi na fimbo. Tulikwenda kumpa pole, sisi sote, nyumba zote sita zilizokuwa na ng'ombe wangu. Tumekaa uani kwake, tumekula matobolwa ya viazi, watu wamefurahi. Mimi nikasema, kwa kiburi changu, "Mjukuu wangu naye yuko huko huko Geita, ofisini, anatazama malori kwenye kioo."

Stanslaus akasema, "Evance? Evance wa Martina? Si yule wa bodaboda pale stendi? Alinibeba mimi na mguu wangu mpaka kwenye basi. Hakutaka nauli."

Nikasema umemfananisha. Akasema, "Bibi, tulizungumza njia nzima. Aliachishwa Januari, yeye na madereva wote, lori zilipoanza kujiendesha. Ana chumba kimoja karibu na soko. Hana mke, hana hata paka."

Suzana akanigeukia. "Mayu, basi harusi ni ya nani?"

Maduhu akajaribu kuniokoa, maana ndivyo alivyo. Akasema, "Bibi harusi ana magurudumu mawili na honi." Hakuna aliyecheka. Evance, mimi nimezika mume na binti mbele ya watu hawa, sijawahi kuinamisha macho. Siku ile niliyainamisha. Niliwaita ng'ombe kwa mahari. Neno hilo nililitamka mimi, kwa mdomo huu. Mtoto wa Suzana aliachishwa maziwa kwa neno langu.

Sikuulizi habari ya bodaboda. Bodaboda ni kazi, na aliyembeba mgonjwa bila nauli ni mtoto wangu niliyemlea. Nakuuliza mambo mawili tu. Ng'ombe wako wapi? Na yule aliyekuandikia barua ya Aprili ni nani? Maana nataka nimwone uso.

Mbuke

*

Geita, 15 Septemba 2025

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi, nikichana. Hii naituma kama ilivyo, na makosa yake.

Ng'ombe waliuzwa pale pale Mhunze siku ile ile, wewe ulipogeuka tu; hawakufika Geita. Wameingia kwenye mtambo. Hakuna uso wa kukuonyesha, Bibi. Aliyeandika ni ile ile akili mnemba, iko kwenye simu. Niliiambia: bibi yangu hataki kusikia habari ya mtambo, mwandikie barua ya heshima ya kumwomba ng'ombe, usitaje mtambo. Ikaandika kabla sijameza mate. Niliisoma nikaona inakupenda vizuri kuliko mimi. Hakuna neno la uongo ndani yake, litafute, hulipati. Kisha ikaja barua yako ya kigelegele, fedha ya ng'ombe bado iko mkononi. Nikajua umeelewa vipi. Nilikuwa na siku nzima ya kukuandikia "hapana, Bibi, si harusi." Sikuandika. Nilikuwa nimekaa bila kazi tangu Januari, na niliogopa. Niliona kila mtu anayetegemea mikono yake anakwisha, nikataka nitoke kabla mlango haujafungwa.

Na mlangoni nimetoka. Hilo ndilo siwezi kulieleza kwa mtu hapa. Sikuibiwa. Ningeibiwa ningejua la kulia. Mtambo unafanya kazi kama walivyosema. Faida inaingia mwezi kwa mwezi, yangu na yako, ndizo hizo fedha zisizo na jina. Pale kuna matangi na mashine na mlinzi mmoja, basi, na huyo mlinzi wanasema mwakani wataweka kamera badala yake.

Wiki iliyopita walikuja akina mama wa kwenye mialo, wale wanaoosha mchanga kwa mikono. Zamani marudio waliyapata kwa maelewano, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, anakuonea huruma, anakuachia ndoo mbili. Sasa ile akili imenunua yote, mpaka ya mwaka kesho, maana imepiga hesabu. Haina chuki nao. Haijui kama wapo. Wakamwambia mlinzi, "Tunaomba kumwona mwenye mtambo, tumpigie magoti." Mlinzi akasema mwenye mtambo hayupo, haji hapa, hajawahi kumwona.

Mimi nilikuwa nje ya geti juu ya pikipiki, namngoja abiria. Mwenye mtambo ni mimi, Bibi. Ni mimi na wewe. Mama mmoja akaniambia, "Kijana, nipeleke stendi, nimechoka." Nikampeleka. Nikachukua nauli, ili asijiulize.

Nauza sehemu yetu kwa Davis. Ananipa chini ya thamani yake na ananicheka, anasema hakuna mtu anayetoka bandani mvua ikinyesha. Nimekwisha nunua ng'ombe mmoja, ana maziwa, lori litamshusha Mhunze. Mpe Suzana kwanza. Wengine nitawaleta kidogo kidogo. Waambie watu kosa ni langu.

Evance

*

Songwa, 9 Novemba 2025

Mjukuu wangu Evance,

Ng'ombe amefika. Mweusi, mkorofi, amempiga Maduhu teke. Nimempenda.

Nilipitia nyumba zote sita kwa miguu, goti likipiga kelele. Kila mlango nilibisha hodi. Nikasema: hakukuwa na mahari, barua ile iliandikwa na mashine. Ng'ombe wenu nimewauza kuingia kwenye mtambo usiojua majina yenu, na nimekula fedha yake miezi mitatu. Sikusema kosa ni lako. Usinifundishe la kusema. Nilipoisikia barua ile nilijua tangu mstari wa kwanza kwamba si sauti yako. Ningekuuliza, "Nani huyu?" Neno moja tu. Hata alipokuja Davis, yule yule wa mtambo, na lori lake, nilifumba macho. Lakini ilikuwa inanipeleka mahali nilipotaka kwenda, kukuona unaoa kabla sijafa, nikajipandia mwenyewe.

Watu hawakunitukana. Afadhali wangenitukana. Walisema, "Hakuna neno, mayu," wakanikaribisha kiti. Zamani walinikaribisha kazi: njoo umenye viazi, njoo umshike mtoto. Sasa napewa kiti na soda.

Nikampeleka ng'ombe kwa Suzana. Kamili alimwona akaanza kucheka peke yake, akapiga makofi. Nikampa Suzana kamba. Hakuipokea.

Akasema, "Mayu, nisamehe. Ningependa tuandikishane."

Nikasema, "Tuandikishane nini, mwanangu?"

"Kwamba ng'ombe huyu niko naye mpaka lini. Na ukimtaka, unipe taarifa miezi mingapi. Na mtoto akiwa anakunywa maziwa yake, humwondoi hata kwa mahari." Alikuwa ananitazama miguuni. "Si kwamba sikuamini. Ila sasa barua ikikuita, hujui nani anakuita."

Stanslaus alitaka kumkemea, nikamwambia wewe nyamaza, mkeo ana akili. Na ana akili kweli, Evance. Hilo ndilo linaloniuma. Huyu binti alimleta ng'ombe mwenye maziwa kwa mkono wake kwa sababu nilitamka neno. Sasa neno langu halitoshi, na mimi mwenyewe nisingeliamini.

Scolastika akaandika. Akanisomea, kila kifungu, kwa sauti ya kusoma tangazo la ndoa. Mimi sijasoma hata darasa moja, tangu nizaliwe ng'ombe wangu wametoka na kurudi bila karatasi, wakati wa njaa na wakati wa magonjwa. Nikatia dole. Suzana naye ametia sahihi, anajua kuandika jina lake. Akaikunja ile karatasi vizuri sana. Halafu ndipo akaipokea kamba.

Hakuniita niingie ndani. Nadhani alisahau tu. Nilisimama kidogo pale uani, nikaona wanamkamua, nikarudi nyumbani.

Uliniandikia zamani habari ya pa kusimama. Mimi sijui huko mbele itakuwaje. Naona mashine zitakuwa na mali zote na zitatugawia fedha kila mwezi bila salamu, na tutakula, na hakuna mtu atakayekuwa na haja ya kumjua mwenzake mpaka mguu umvunjike. Labda nakosea. Mimi ni mzee na nimetoka kukosea juzi tu.

Nyumba tano bado zinangoja, na wote wamekwisha sikia, wote wanataka karatasi. Scolastika anasema mkono unamuuma. Njoo uandike wewe, ukae nao, wakuulize wakikutazama usoni, kila nyumba. Njoo na pikipiki, nitapanda nyuma.

Bibi yako,
Mbuke